Difu ya Massey yangu haikuchomelewa

Ukiwa na trekta la zamani linalozungusha tairi moja bondeni huku la pili limesimama kimya, hukosi mtu wa kukwambia uchomelee difu, yaani ile giya inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma. Mimi nimeambiwa na fundi, nimeambiwa na dereva mwenzangu, na nimeambiwa na bwana mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. "Ipige weldi, sheikh, utanishukuru." Sikuipiga, na masika iliyopita nilichimba na kuburuga tope Cheju, bonde la mpunga hapa Unguja, mpaka kwenye majaruba ambayo wenye matrekta mapya waliyapitia mbali.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, mashine ya Perkins ya silinda tatu. Aina hii ilianza kutengenezwa 1964 na ikaachwa miaka ya 70, kwa hiyo umri wake hesabu mwenyewe. Ami yangu aliniuzia kwa bei ya jamaa, yaani ghali kuliko sokoni.

Wanaosema "chomelea" hawajui difu imewekwa kwa nini. Ukikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoliruhusu lizunguke zaidi. Ila nguvu inazigawa sawa kwa sawa, na ubaya uko hapo: tairi lililo kwenye utelezi halidai nguvu kubwa kuzunguka, basi na mwenzake aliye pagumu hupewa hicho hicho kidogo. Ukiichomelea utavuta, sikatai. Lakini ukifika mwisho wa jaruba unazungusha usukani, trekta linakwenda zake moja kwa moja juu ya tuta la jirani. Na ukirudi nyumbani kwa lami, kila kona unakwaruza tairi, mpaka siku hafu shafti, chuma kinachozungusha tairi, inakatika. Hapo aliyekushauri humwoni.

Udongo wa Cheju nao usipime kwa macho. Juu unakanyagika, lakini chini ni mfinyanzi mweusi ulioshiba maji. Siku moja trekta lilizama hadi ekseli, tairi la kulia linazunguka bure. Watu wakakusanyika, kila mmoja na fani yake. Wa kwanza wakaleta makumbi ya nazi, wakayashindilia chini ya tairi. Nikawaambia wasikae nyuma. Nani asikie? Nilipoachia klachi, tairi likayameza yote kisha likayarudisha kwa kasi. Mzee mmoja alikuwa anatoka sala ya Ijumaa, kanzu inameta, kasimama pale kutazama tu. Kumbi lilimpata kifuani. Akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema, "Hii ilikuwa ya Idi," akaenda zake. Mpaka leo tukikutana ananiamkia kwa mbali.

Ndipo dereva mwenzangu, huyo huyo wa weldi, akataka gogo la mnazi lifungwe kwa mnyororo kwenye matairi yote mawili ya nyuma. Nikamwambia kama ana hamu hiyo apande yeye. Akapanda kwa mbwembwe. Gogo likaenda chini, likagota, matairi yakakataa kuzunguka. Sasa mashine inasukuma na tairi halitaki: kitakachozunguka ni trekta lenyewe kwenye ekseli yake. Pua ikanyanyuka. Matairi ya mbele yakawa juu ya vichwa vya watoto, na watoto wanashangilia. Bahati mguu wake ulikuwa bado kwenye klachi, akaikanyaga, pua ikashuka kwa kishindo. Aliteremka hana rangi. Watu wamekufa kwa mtindo huo, trekta linawageukia na kuwalalia.

Aliyenitoa ni babu mmoja aliyewahi kuendesha matrekta ujana wake. Akaniambia niondoe kitasa kinachounganisha pedali mbili za breki, kisha nibane taratibu breki ya upande unaozunguka bure. Difu ikaona upande ule mgumu, ikapeleka nguvu upande wa pili, na trekta likajikongoja likatoka. Lakini breki za mtindo huo huzitegemei msimu mzima, zinaisha. Akaniuliza, "Difloki yako ina nini?" Ndiyo pedali inayoifunga difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja. Nikamwambia trekta hili halina. Akainama karibu na kisigino cha kulia, akanionesha kisiki cha chuma kilichokatwa kwa msumeno. Ami, nilipomuuliza, akajibu bila haya: ile pedali ilikuwa ikimnasa kanzu.

Kisiki kilikuwa kimeshika kutu, hakigeuki. Nilikilowesha dizeli iliyochanganywa na oili chafu, nakirudia kila jioni, kisha nakitikisa kwa bomba, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usikipige nyundo, wala usikichome moto, sili ya kuzuia oili iko hapo hapo. Kilipolegea nikamwaga oili ya nyuma, maana giya, difu na haidroliki zote zinakunywa oili moja, nayo ilikuwa imegeuka chai ya maziwa kwa maji yaliyoingia. Oili mpya ndiyo iliyoniumiza mfukoni. Vilivyobaki ni vijisenti. Pedali nilikata kutoka springi ya gari bovu, na hapo ndipo weldi pekee ilipotumika. Springi ya kuirudisha nilitoa kwenye stendi ya vespa, na inavuta vizuri ajabu.

Matumizi yake watu wanaharibu. Usikanyage tairi likiwa linazunguka kwa kasi, utavunja meno ndani. Klachi chini kwanza, kisigino kwenye pedali, kisha achia klachi polepole mpaka uisikie imeshika. Mimi nakanyaga kabla sijaingia kwenye tope, sisubiri kuzama. Ikishika, endesha moja kwa moja. Kabla ya kona ondoa mguu, na ikigoma kutoka kanyaga klachi au gusa breki upande mmoja kisha wa pili, itaachia.

Nimetia maji pia kwenye matairi ya nyuma. Inua gurudumu, zungusha nozeli ije juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wake, robo iliyobaki ni ya upepo. Ni lita 100 na ushee kila tairi, na kila lita ni kilo moja ya uzito. Ulaya hutia chumvi ya kalsiamu yasigande kwa baridi. Huku hatuna shida hiyo. Aliyenishauri nitie maji ya bahari kwa sababu ni ya bure, akatie kwenye rimu zake. Na angalia mshale ubavuni mwa tairi: nilikuta la kushoto limefungwa kinyumenyume, meno yanakusanya tope badala ya kulitema.

Kwa sasa natafuta magurudumu ya chuma ya kuburugia. Difloki na maji vinatosha pale ambapo chini kuna pagumu tairi linapoweza kushika. Kwenye bonde lililojaa maji huna ujanja bila chuma. Mwenye jozi ya 135 anayotaka kuiuza aniambie bei, ila asije na ya jamaa.