Krismasi ya zamu

Mke wangu ni mkunga, na wodi ya wazazi haifungwi kwa ajili ya Krismasi. Ratiba ya Desemba ilipobandikwa alijikuta na zamu ya usiku tarehe 24 na 25, na hakukuwa na wa kubadilishana naye, kwani kila mwenzake ana watoto na ana kwao. Tukaamua mimi nitangulie kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, na watoto, yeye atufuate zamu zikiisha. Watoto ni watatu: binti wa miaka 7, mvulana wa miaka 4, na kitinda mimba ambaye hajatimiza miaka 2. Haya nayaandika tarehe 29 usiku, nyumbani kwa wazazi wangu. Wote wanne wamelala chumba cha pili, mama yao katikati, kwa hiyo mwisho wa safari mnaujua tayari. Ninachotaka kukiandika ni kilichopita kati ya siku hizo, hasa upande wa baba yangu.

Anayelea watoto Kampala anaijua Desemba. Shule zinafungwa mwanzoni mwa mwezi na hazifunguliwi hadi Februari. Watoto wanashinda ndani ya geti, kwenye uwanja wa saruji wenye magari ya majirani, wakigombania baiskeli moja. Kazi za likizo walizopewa na walimu zinakwisha wiki ya kwanza. Dada wa kazi naye ana kwao, na ana haki ya kuondoka kabla nauli hazijapanda. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na mafundi wakishaenda vijijini biashara inalala, tunafunga duka. Karo ya muhula wa kwanza tuliiweka kando kabla ya kununua hata soksi. Nguo za sikukuu nilizitafuta soko la Owino, nikapekua marundo ya mitumba hadi nikapata gauni la manjano lenye vifungo vyote na suruali mbili za kitambaa kizuri.

Tuliondoka alfajiri ya tarehe 21. Kituo cha teksi, basi dogo za abiria, kilikuwa kimeshajaa magodoro, mabati, kuku ndani ya maboksi, na akina mama wenye watoto mgongoni. Nililipia viti viwili, nikampakata mdogo. Mvulana wangu hutapika akipanda gari. Nilikuwa na makavera, mifuko ya plastiki, mfukoni, na alianza mara tulipoingia msitu wa Mabira. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka bila kuombwa, akampangusa uso kwa kitenge chake, na tulipofika Najjembe, wauzaji walipoizingira teksi na mishikaki na mapaja ya kuku, akamnunulia gonja, ndizi ya kuchoma. Akamwambia ale polepole, tumbo lishike. Sikupata hata kumuuliza jina, alishukia Iganga.

Pale Jinja tulipita daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, na binti akaliona Nile likitoka ziwani.

"Baba, maji haya yanaenda wapi?"

"Yanaenda mpaka Misri."

"Yatafika lini?"

Nikamwambia husemwa yanachukua kama miezi mitatu. Akahesabu kwa vidole, akasema basi yatafika shule zikiwa zimeshafunguliwa. Konda alicheka mpaka akakosea kuhesabu nauli.

Sasa nifike kwa baba.

Baba yangu alikuwa askari polisi. Tulikulia kambi ya Nsambya, ndani ya unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo kila mtoto wa polisi Uganda anavijua. Mchana ni joto, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Pazia lilitenganisha kitanda cha wazazi na mkeka wetu. Baba ni wa kabila la Jopadhola, mama ni Mlugbara wa Arua, kwa hiyo lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha kambini, na hicho ndicho ninachozungumza na watoto wangu mpaka leo, Kiluganda wakikipata kwa mama yao.

Krismasi, kwetu, ilikuwa siku ya kazi kuliko zote. Askari hapewi likizo sikukuu. Kuna makanisa ya kulinda, kuna barabara, kuna fukwe za Entebbe, kisha inakuja mikesha ya mwaka mpya. Sikumbuki Krismasi hata moja baba akiwa mezani nasi. Mama alipika wali na nyama, akapakua sahani ya baba kwanza, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Tulijua haiguswi. Asubuhi tukiamka sahani ilikuwa imeoshwa, na baba ameshaondoka tena. Hatukumuuliza kitu, naye hakusema kitu. Nilikua nikiamini kwamba kwake siku ile ilikuwa kama siku nyingine.

Alistaafu, akajenga hapa, mahali ambapo ukisimama uani unauona mwamba wa Tororo wote. Wiki hii ndiyo mara ya kwanza nimekaa naye siku nyingi hivi nikiwa na watoto bila mama yao, na ndiyo mara ya kwanza nimemwona mikono yake ikifanya kazi kwa watoto wadogo.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na mbili, mdogo hayupo kitandani. Nilimkuta uani ndani ya beseni, babu yake amepiga goti, amekunja mikono ya shati. Alikuwa ameingiza kiwiko majini kupima joto. Alimmwagia maji kwa kiganja, akiziba macho ya mtoto kwa mkono mwingine ili sabuni isiingie, akampangusa nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kwenye mikunjo ya shingo ambako jasho la safari lilikuwa limeganda. Mtoto ambaye huwa analia akiona maji alikuwa anapiga mapovu kwa furaha. Nikamuuliza baba alijifunzia wapi.

"Nilikuwa nawaogesha ninyi nikitoka lindo la usiku," akasema bila kugeuka. "Mama yenu anaenda sokoni, mimi nawaogesha, halafu nalala. Mlikuwa wadogo."

Mama yangu, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliitikia kwa kichwa.

Nimelifikiria jambo hilo siku zote hizi. Mtu anaweza kukuogesha mamia ya asubuhi na usibaki na kumbukumbu hata moja, halafu ukabaki na sahani iliyofunikwa.

Choo kilitusumbua. Mvulana amezoea choo cha kukalia, na shimo lilimtisha vibaya, usiku hata mlangoni hafiki. Baba akachukua kiti kidogo cha mbao, akakikata tundu kwa msumeno, akalipiga msasa kwa nusu siku nzima ili mtoto asichomwe na vijiti, akakiweka juu ya shimo. Shida ikaisha.

Tarehe 24 watu wa kijiji walichinja fahali. Hapa familia huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, ng'ombe akanunuliwa kwa pamoja, na siku hiyo nyama hugawanywa mafungu juu ya majani ya migomba, kila fungu na kipande chake cha ini, cha mfupa na cha utumbo, ili asiwepo wa kulalamika. Watoto wote wa mtaa walisimama mstari wa mbele. Binti yangu aliangalia tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikamwacha aangalie. Alirudi na swali moja tu, kwamba fungu la mama liko wapi. Mama yangu akakata vipande kutoka fungu letu, akavitia chumvi, akavianika juu ya moshi wa jiko. "Hilo hapo," akamwambia.

Jioni hiyo baba alitoa pasi ya mkaa. Mama alishaniambia kwamba nguo za sikukuu hazipigwi pasi na mtu mwingine yeyote humu ndani. Baba alitandika blanketi mezani, akalowesha kitambaa cheupe, akakiweka juu ya suruali ya mtoto wa miaka 4, akapiga mstari ulionyooka kama wa sare. Alifanya vivyo hivyo kwa suruali ya mdogo, ambayo urefu wake haufiki hata mkono wangu.

Krismasi yenyewe tulisali, tukarudi, tukakuta shangazi, binamu na watoto wao wamejaa uani. Palikuwa na kuku, nyama, wali, mkate wa wimbi, mboga ya kunde na karanga. Hapo shangazi mmoja akaniuliza, watoto wakisikia, ni mke wa namna gani anayewaacha watoto wake siku ya Krismasi. Nilimjibu kwa heshima kwamba ni mke anayezalisha wake wa wenzie. Lakini maneno yaliniuma, kwa sababu wiki nzima ndugu hao hao wamenisifu mno kwa kumbadilisha mtoto nepi na kumlisha uji, kazi ambazo mama yake anazifanya kila siku na sijasikia akisifiwa hata mara moja. Hili halinipendezi, nami nitaendelea kulisema kila tukikutana.

Binti alikuwa amesikia. Aliacha kula, akaenda kusimama mbele ya babu yake.

"Babu, mama anawapenda wale watoto wa hospitali kuliko sisi?"

Baba aliweka kikombe chini. "Mama yako yuko lindo," akasema. "Wewe ulizaliwa usiku au mchana?"

Hakujua. Nikajibu mimi: usiku, saa tisa.

"Unaona. Saa tisa usiku kulikuwa na mtu macho, anakungoja wewe. Na huyo mtu alikuwa na watoto wake nyumbani, wamelala bila yeye."

Binti akakaa miguuni pake. Baba akaendelea, na sasa hata shangazi alikuwa amenyamaza.

"Mimi nilisimama nje ya makanisa Krismasi nyingi. Wao wanaimba ndani, mimi niko mlangoni. Naangalia saa, najua sasa hivi nyanya yako anapakua. Sasa hivi baba yako anagombania mfupa na dadake. Nilikuwa nawaona vizuri kabisa."

"Ulilia?"

"Askari halii akiwa na sare." Akafikiri kidogo. "Nikifika usiku nawasha tochi, nawamulika mmoja mmoja, naona wote mpo. Ndipo nakula."

Sikuwahi kujua habari ya tochi. Nina miaka 38. Nilitazama upande wa mama yangu, naye akanitazama kwa namna ya mtu aliyedhani nilikuwa najua siku zote. Nilitoka nje kidogo, nikasimama nyuma ya jiko mpaka nikawa sawa.

Saa moja jioni mke wangu alipiga simu kabla ya kuingia zamu. Kwa kawaida watoto humuuliza atakuja lini. Safari hii binti alinyakua simu na kuuliza: "Mama, jana usiku wamezaliwa wangapi?" Akaambiwa ni wengi, tena wamo mapacha, wa kiume na wa kike. Alizunguka uani akiwatangazia binamu zake, na akaanzia kwa shangazi.

Mama yao aliwasili tarehe 27 mchana, miguu imevimba. Alikula ile nyama ya moshi, akalala hadi jua linazama. Binti aliweka kigoda mlangoni, akawa anawafukuza wote wanaopiga kelele, wakiwemo kuku.

Leo tumejadiliana habari ya kurudi. Baba anataka wawili wakubwa wabaki hadi wiki ya mwisho ya Januari. Mke wangu anaogopa malaria, na ana sababu, maana Tororo ni moja ya sehemu ambazo ugonjwa huo umekuwa mkali kuliko nyingi nchini. Mpwa wangu mchanga ameanza ile chanjo iliyoingia Uganda Aprili 2025, lakini wetu walishapita umri wa kuanza. Mwishowe mke wangu akakubali kwa masharti: chandarua kila usiku, maji ya kunywa yachemshwe, na mtoto akipata joto apimwe siku hiyo hiyo, asingojwe hadi kesho. Baba aliyaandika yote kwenye daftari lake na kutia tarehe, kisha akamsomea ili ahakikishe hakuna lililoachwa.

Mdogo tunarudi naye tarehe 2. Mke wangu ameshaomba kwamba Desemba ijayo apangwe mwaka mpya badala ya Krismasi, na bado hajajibiwa. Nimemwambia baba kwamba jibu likiwa hapana, basi mwaka huo yeye na mama ndio watakaokuja Kampala, na chakula cha Krismasi tutakila asubuhi mkunga wetu akitoka kazini. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza zamu inaisha saa ngapi, nikamwambia saa mbili, akasema wali inabidi uinjikwe saa kumi na mbili.