Mfuko wa tumboni na mimi: nani kamshinda nani

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa ulikuwa wa pini. Mimi ni wa kolostomi ya kudumu: saratani ilikuwa chini kabisa, ikabidi mwisho wa utumbo mpana na njia ya haja kubwa viondolewe, pakashonwa, na mdomo wa utumbo ukatolewa tumboni upande wa kushoto, unamwaga kinyesi kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Miezi ya mwanzo mfuko ulikuwa unajaa hewa kama puto. Jamaa mmoja mjuaji akasema, toboa kitundu kwa pini juu ya mfuko, hewa itatoka yenyewe. Nikatoboa, nikavaa kanzu, nikaenda kwenye walima.

Hewa ilitoka kweli. Tatizo ni kwamba kitundu cha pini hakina adabu ya kusubiri, kilitoa wakati wa dua, kikatoa wakati wa pilau. Nilikuwa nimekiziba kwa selotepu, jasho likaibandua. Wenzangu mkekani wakaanza kukagua nyayo zao mmoja mmoja, nami nikakagua zangu kwa bidii kuliko wote. Mwishowe shemeji akaniinamia: "Shemu, hebu tutoke tukapunge upepo." Nikamshukuru mpaka leo.

Kumbe mifuko mingi ina kichujio chake kidogo cha mkaa pale juu, kinachopitisha hewa na kuzuia harufu. Changu kilikuwa hakifanyi kazi kwa sababu nilioga nacho kikalowa, na kichujio kilicholowa kimekufa. Vile vistika vidogo vinavyokuja ndani ya boksi ni vya kukifunika wakati wa kuoga. Mimi nilikuwa nawapa watoto wabandike kwenye madaftari. Mfuko usio na kichujio unautoa hewa chooni tu, unafungua chini, unakamua taratibu, unafunga.

Wengine watakwambia utie asprini ndani ya mfuko kuua harufu. Usithubutu. Ikigusa mdomo wa utumbo inauchubua na kuutoa damu. Ninachotia mimi ni matone machache ya mafuta ya mtoto, nayasugua kwa nje ili yaenee ndani. Kinyesi kinateleza kwenda chini badala ya kuganda juu na kusukuma kibandiko, ile sehemu ya gundi inayoshika mfuko kwenye ngozi. Ila mafuta yakifika kwenye gundi, umekwisha.

Sasa tundu la kibandiko, pale unapopita mdomo wa utumbo. Hapa ndipo wengi tunapoteketeza pesa. Mdomo wa utumbo unakuwa umevimba baada ya upasuaji, halafu unasinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Mimi niliendelea kukata kibandiko milimita 45 kama nilivyokatiwa wodini, wakati mdomo umeshafika 32. Ngozi iliyobaki wazi pembeni ikawa inalowa kinyesi, ikababuka, ikatoa majimaji, na gundi haishiki palipo na majimaji. Kikivuja ngozi inachubuka, ikichubuka kinavuja zaidi. Nikawa nazungushia plasta mduara mzima, namaliza vifaa vya mwezi kwa wiki moja na kitu, na mfuko mmoja bei yake inakimbizana na kilo ya nyama.

Plasta haikuwa dawa. Nilichukua jalada la plastiki la daftari, nikakata matundu ya 30, 32, 35, 38, nikawa napima kila wiki. Tundu lizidi mdomo kwa milimita 2 au 3, basi. Ukilibana sana nalo linakata, na kwa kuwa ule mdomo hausikii maumivu, hutajua mpaka uone damu. Damu kidogo wakati wa kufuta isikutishe. Rangi ndiyo ya kuangalia: iwe nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo wako. Ikigeuka zambarau au nyeusi, hospitali siku hiyohiyo.

Nabadilisha asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa bado umelala. Maji matupu, kwa sababu sabuni yenye mafuta inaacha utelezi. Nakausha kwa kugusagusa, nakaa mbele ya feni hadi jasho liishe kabisa, huku kibandiko kiko kwapani kinapata joto. Nikishabandika naweka kiganja juu yake dakika mbili bila kuinuka. Joto la Dar mwezi wa Desemba linataka subira hiyo. Na mfuko unamwagwa ukifika theluthi, usingoje ujae, uzito unauvuta.

Kuhusu chakula nilikatazwa maharage, kabichi, mayai, samaki, vitunguu, soda. Nikauliza, basi nile nini, upepo? Nilirudisha kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, nikiandika. Soda ndiyo niliyoiacha. Maharage nakula, ila ya mchana kwangu yanaleta hewa usiku, kwa hiyo siku ya safari sili. Mtindi umenisaidia kwenye harufu.

Swala ilinisumbua kichwa kuliko ngozi. Shehe wetu alinieleza kwa utulivu kwamba mimi ni mwenye udhuru: wakati uingie, nijisafishe niwezavyo, nitie udhu, niswali. Kitakachotoka katikati hakinibatilishii.

Kilichonibadilishia maisha ni kusafisha utumbo kwa maji: unayaingiza kwa mpira kupitia mdomo wa utumbo, yanatoka na kinyesi, na utumbo unatulia hadi zamu nyingine. Si kwa kila mtu. Ni kwa kolostomi ya kushoto, na daktari akubali kwanza, maana mwenye ngiri pale kwenye mdomo au utumbo uliounguzwa na mionzi mara nyingi anakatazwa. Nesi alinifundisha, nikarudi nyumbani nikajifanya fundi. Nilipigilia msumari juu, usawa wa bomba la mvua, nikaning'iniza mfuko wenye lita nzima ya maji ya bombani. Maji yalishuka kwa kasi, tena ya baridi. Tumbo likanyonga hadi nikaona nyota, nikatoka jasho, na kilichotoka ni maji matupu.

Nilikosea vitu vitatu kwa mpigo. Maji yawe vuguvugu, joto la mwili, na yawe salama kunywa. Unaanza na nusu lita, unapanda kidogo kidogo, na wengi hawahitaji kuvuka lita moja. Kitako cha mfuko kiwe usawa wa bega lako ukiwa umekaa, yaingie kwa dakika 5 hadi 10. Tumbo likinyonga funga koki, pumua, subiri lipoe. Mpira lazima uwe na ile koni laini mbele. Mpira mtupu unaweza kutoboa utumbo. Kingi kinatoka robo saa ya kwanza, kilichobaki kinajivuta hadi dakika 45, mimi huwa nasikiliza taarifa ya habari. Mwanzoni nilivujisha katikati ya siku nikakata tamaa, lakini utumbo unataka wiki kadhaa kushika ratiba, saa ileile kila siku. Sasa nasafisha siku moja, napumzika moja, na katikati nafunika kwa kifuniko kidogo tu. Mifuko ninayotumia sasa ni michache mno.

Mengine kwa haraka. Kuhisi unataka kwenda haja kubwa wakati njia haipo si wazimu, mishipa ya fahamu bado inakumbuka. Kukaa, tumia mto laini ulio bapa, usinunue ule wa duara wenye tundu katikati, unavuta mshono. Ukikohoa shika mdomo wa utumbo kwa kiganja, na ndoo ya lita 20 waachie vijana. Mambo ya chumbani yakilegea sema kliniki, mishipa huguswa wakati wa upasuaji na dawa zipo. Kipimo cha damu cha CEA, cha kufuatilia kama saratani inarudi, usikiruke hata ukijisikia ngangari, na kamera ya kuchungulia utumbo nayo hupitishwa palepale tumboni.

Ule msumari wa juu sijaung'oa. Wajukuu wanatundika taulo.