Muulize dadake

Kitinda wetu alitoka hospitalini Jumatano, barua ya uhamisho wangu wa Voi imefika, binti ya mjomba ameolewa. Lakini mimi bado niko ndani ya kile chumba cha daktari.

Daktari aliuliza, "Huyu kijana alikuwa akifikicha macho sana?"

Mama akajibu, "Muulize dadake, ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja."

Basi. Wala hakupaza sauti. Nimelirudia jibu hilo nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, nikiwa kwenye matatu. Alikuwa akimweleza daktari tu, au alikuwa akinitwika mimi? Maana kweli nilimwona. Kila kaskazi macho yakimwasha aliyafikicha kwa vifundo vya vidole, nami nikageukia ukutani nilale. Sikujua kwamba konea, kile kioo cha mbele ya jicho, unene wake ni kama nusu milimita, na kwamba kufikicha kwa nguvu miaka nenda miaka rudi huchangia kuikondesha hadi ikachongoka. Ile miwani yake niliyowahi kuilalamikia, kwamba kila muhula inataka kubadilishwa, kumbe ndiyo dalili yenyewe.

Sasa ameshonewa konea ya marehemu tusiyemjua, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Huenda zikakaa mwaka au zaidi, kwa kuwa konea haina mishipa ya damu na kidonda chake hupona polepole. Usiku nilisoma kwenye simu kwamba mwaka 1905, huko Olomouc, mji ulio katika Jamhuri ya Cheki ya leo, daktari Eduard Zirm alimpandikizia konea macho yote mawili kibarua aliyeunguzwa na chokaa. Jicho moja tu ndilo lililokubali. Nikazima simu.

Jana saa nane za usiku nilikwenda kumchungulia. Nikamkuta Mama amelala mkekani kando ya kitanda. Ncha moja ya leso ameifunga mkononi mwake, ya pili mkononi mwa kitinda, ili mkono ule ukipanda usoni yeye aamke. Sijui amelala hivyo siku ngapi. Nikaketi miguuni pake, na lile lililonikaba tangu Jumatano likalegea. Sikumuuliza kitu.

Kitinda akanong'ona, "Dada, pua inaniwasha."

Nikamkuna mimi.

Nje yalikuwa manyunyu tu, lakini nilisikia jikoni tone likidondoka, kisha jingine. Masika hayajaingia bado, na fundi wa mabati hapokei simu.