Fedha ya Mgeni na Hatari ya Mwenyeji

Jioni ya leo kijana mmoja wa chuo alinikuta soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nikinunua dagaa, akaniuliza, akiniita dada kwa adabu zote, vipi mtu anaweza kuishi kwa kuandika safari za nchi zenye vita. Nadhani alitarajia habari za risasi. Nilimpa kwanza habari za hesabu, kwani ndizo zinazowatoa wengi katika kazi hii mapema. Gazeti hulipa makala ikishatoka, pengine miezi kadhaa baadaye, ilhali dereva, mkalimani na nyumba ya wageni hutaka fedha taslimu papo hapo. Na bima ya kawaida ya safari mara nyingi huwa na kifungu kinachoondoa vita na machafuko, hivyo anayekwenda Goma, mashariki mwa Kongo, au Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hulazimika kutafuta bima ya pekee, ambayo yaweza kumeza malipo yote ya makala. Mimi hujikimu kwa kazi za tafsiri.

Nilimweleza pia kuhusu mafunzo. Waandishi wa Marekani James Foley na Steven Sotloff, waliouawa nchini Syria mwaka 2014, walikuwa wa kujitegemea, na mwaka uliofuata vyombo vya habari na watetezi wa waandishi vilitoa kanuni za usalama kwa ajili ya watu wa aina yao. Katika mafunzo niliyopitia tulifungana mikanda ya kuzuia damu: unaufunga juu ya jeraha, upande wa moyo, kamwe si kwenye maungio kama goti au kiwiko, unasokota kijiti hadi damu ikome, kisha unaandika saa uliyoukaza. Majeruhi atakusihi uulegeze, nawe huulegezi.

Hayo yote, hata hivyo, humlinda mwandishi tu. Anayechagua njia, anayesalimiana na walinzi wa vizuizi vya barabarani na anayejua kijiji gani kimekuwa kimya kupita kawaida ni mwenyeji, naye hubaki palepale makala ikishasomwa, miongoni mwa majirani waliomwona akitembea na mgeni. Zipo simulizi za kishujaa (huwa nazisoma kwa kununa) ambazo dereva hatajwi kabisa, utadhani gari lilijiendesha lenyewe.

Sisi wa ukanda huu wa Ziwa Victoria tuna sababu ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa hapa wenyeji ni sisi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Mgeni anayetaka kuandika juu ya maji haya humwendea nahodha wa mtumbwi. Nahodha hutazama mawingu upande wa Ukerewe, akasema leo hatuendi, maana anajua kwamba usiku upepo wa nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, juu ya maji yenye joto, na radi huzaliwa hukohuko wanakovulia dagaa. Mgeni huongeza fedha. Huongeza tena, na nahodha mwenye ada ya shule ya kulipa hukubali safari ambayo kwa nauli ya kawaida asingeikubali.

Ndiyo sababu nilimwambia yule kijana kwamba kipimo changu cha mwandishi wa safari za hatari ni kama anaweza kuambiwa hatuendi, akalipa ujira wa siku hiyo bila kujadiliana. Aliuliza fedha hiyo itatoka wapi, swali la haki kabisa. Nikamjibu kwamba siku za kutokwenda huandikwa kwenye bajeti anayopelekewa mhariri kabla ya safari, pamoja na mafuta na chakula, na mhariri akizifuta, safari yenyewe haipo.