Punda haagi dunia?

Leo Form Three tulikuwa na tafsida, yaani kulisema jambo zito au la aibu kwa maneno ya adabu, na kusema ukweli hapa Lamu hii topiki haifundishiki kavukavu, watoto washaisikia nyumbani kabla hata hawajaijua jina. Wanajua mgeni huulizwa kama anataka kwenda msalani, na mama ni mja mzito sio ana mimba. Sasa kijana mmoja kaandika kwenye insha "punda wetu wa Langoni ameaga dunia na ametuachia mzoga", wenziwe wakacheka mpaka madawati yakalia, mimi nikawauliza haya basi, mbona mnacheka? Msichana wa nyuma akajibu, "Mwalimu, aliyeaga dunia haachi mzoga, huacha maiti." Marks zote nampa huyo!

Ila tafsida nyingine siipendi jamani. Ukienda hospitali sema waziwazi unaharisha, siyo "tumbo si zuri", daktari atajuaje? Na bei zikipanda tunaambiwa zimefanyiwa "marekebisho", hapo hamna adabu yoyote, ni kufunikwa macho tu. Kesho nimewaambia kila mtu alete neno moja walilokatazwa kwao kulisema mbele ya wazee, sijui mwalimu mkuu atasemaje akipita dirishani.