Mlango umetoboka kwa kutu, waranti ikalipa

Huku Mtwara ukiuliza kama waranti ya gari inalipa kutu utapewa majibu mawili: "Hailipi, sisi tuko pwani," au "Puliza oili chafu chini ya gari, usahau." Yote yananikera. La kwanza ni nusu ukweli. La pili ni hasara: oili inavimbisha mipira ya bushi, inanasa mchanga, na mkaguzi wa waranti akiikuta huko chini umempa sababu ya kukukatalia.

Pikapu yangu niliinunua mpya kwa wakala. Kitabu cha waranti kina mambo mawili kuhusu kutu, na wengi wanaishia kusoma la kwanza. Kutu ya juu juu, rangi ikivimba au kubanduka, inaangukia kwenye waranti ya kawaida au ya rangi. Kwa magari mengi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Kutu iliyotoboa bati ina waranti yake, ndefu zaidi: kuna kampuni zinazotoa miaka 5, nyingine 6, nyingine hadi 12. Sharti ni kwamba tundu liwe limeanzia ndani kuja nje. Lililoanzia nje kwa jiwe, mkwaruzo, ajali au chumvi ya ufukweni isiyooshwa, utalitengeneza kwa pesa yako. Eksozi kwa kawaida haimo. Bampa la chuma la kufungisha mtaani nalo halimo, pamoja na matundu ya boliti yaliyotobolewa na kuachwa bati tupu.

Kwa hiyo kazi yote ni kuonyesha kutu imetokea upande gani.

Yangu ilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto, chini kabisa kwenye pindo, pale bati linapokunjwa. Vipele vya rangi, kisha ukibonyeza kwa kidole bati linaingia. Waranti ya kawaida ilishakwisha, ya kutoboka bado. Fundi bodi akanishika mkono: "Bosi, hapa tunakata, tunachomelea kipande, puti, rangi, kesho jioni unachukua gari." Bei yake haikuwa mbaya. Lakini msasa ukishapita na puti, ile lipu ya kusawazisha bati, ikakaa, hakuna wa kukuamini tena. Usiguse kitu kabla ya mkaguzi.

Nikatuma picha kwa wakala. Jibu likarudi upesi: "Mzee, gari linashinda Mtwara, hiyo ni chumvi ya bahari." Sawa, lakini chumvi ya hewani haichagui mlango, na wa kulia ulikuwa safi.

Hapo ndipo nilipofungua paneli ya ndani ya mlango. Skrubu ziko nyuma ya kishikio na chini ya sehemu ya kuegemeza mkono. Klipu za pembeni ng'oa kwa kijiti cha plastiki, siyo bisibisi. Nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi bandua polepole, maana ukiichana maji yataingia kwenye kapeti. Ndani, kwa tochi, kutu ilikuwa imejaa kwenye pindo, wakati kwa nje rangi bado ilikuwa imeshika sehemu kubwa.

Maji ya mvua yanapita kwenye mpira wa kioo kila siku, hilo si kosa. Yanatakiwa yatokee kwenye vitundu vya chini ya mlango. Nikamimina kama nusu lita kwenye mpira wa kioo cha kulia, simu ikirekodi: yakadondoka chini pale pale. Nikamimina kushoto: kimya. Yakabaki mlangoni, na ukiutikisa unayasikia. Nikalala chini ya mlango kutazama. Vitundu vilikuwa vimefunikwa na sili ya kiwandani, ile gundi ya kuzibia maungio, na juu ya sili ipo rangi ileile ya gari. Matope ungeweza kunisingizia mimi. Sili iliyo chini ya rangi ya kiwanda utamsingizia nani?

Kabla hawajaleta hoja ya ajali, nikafunga sumaku ndogo kwa kitambaa laini, nikaipitisha mlango mzima, nayo nikairekodi. Penye puti nene sumaku inateleza. Hapa iling'ang'ania kila mahali isipokuwa penye tundu. Video zote tatu nikatuma pamoja na kurasa za sevisi zenye mihuri. Kampuni nyingine zinadai pia bodi ikaguliwe kila mwaka na kugongewa muhuri, hivyo angalia kitabu chako.

Wakaniita Dar, wakapitisha kamera ndogo ndani ya mlango, wakakubali kubadilisha mlango mzima na kuupaka rangi. Mafuta ya safari, kilomita zaidi ya 500 kwenda tu, nilijilipia. Wangenikatalia tena, hatua yangu ya pili ingekuwa malalamiko ya maandishi kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Kutu ya kwenye bati la juu ya tairi la mbele, iliyoanzia kwenye alama za kokoto, walikataa, na hapo walikuwa na haki.

Wenye magari ya mtumba kutoka Japani msihangaike na kiwanda. Waranti hufungamana na nchi gari lilikouzwa likiwa jipya, na ile ya yadi, ikiwepo, ni ya injini na giaboksi, tena kwa muda mfupi. Lakini jaribio la maji fanyeni, na vitundu zibueni kwa kipande cha waya wa plastiki. Wa chuma unakwangua rangi ya ndani.