Nilivyochagua zana za AI za kutengeneza na kupima kava za video zangu

Video zangu ni za kutengeneza cherehani. Sio kushona, ni kutengeneza mashine yenyewe, ile inayoruka mishono, inayokata uzi, inayopiga kelele. Kwa muda mrefu kava la video, ile picha unayoiona kabla hujafungua, nilikuwa naacha lile YouTube inachagua yenyewe kutoka ndani ya video, unakuta mkono wangu umeziba nusu ya mashine na mwanga hafifu. Waliofungua walikuwa wanaangalia mpaka mwisho na wanashukuru, shida ni kwamba wengi walikuwa wanapita tu. Ndo nikaamua nishughulikie hizi kava, thambneli kama wengi wanavyoziita, na kwa vile mimi sio mtu wa michoro nikaenda moja kwa moja kwenye zana za AI, yaani akili bandia. Nimehangaika nazo miezi kadhaa, nyingine nimelipia, nyingi nimezifuta, naandika hapa ili anayeanza leo asizunguke kama nilivyozunguka.

Nilianza na zile unaandika maelezo tu, picha inatoka nzima. Ya kwanza kutoka ilinivutia sana jamani, cherehani nyeusi inang'aa, nyuma mwanga wa dhahabu, uzi mwekundu umekatiza mbele. Nikaweka, watu wakaanza kufungua kuliko zamani. Siku ya tatu ikaja komenti ya fundi wa siku nyingi: "Kaka, mbona tundu la sindano liko juu? Hiyo si ya mkono?" Nikaikuza picha. Kweli kabisa. Sindano ya cherehani tundu lake liko chini, karibu na ncha, na hapo ndo mashine nzima inapotegemea, uzi unashuka na ncha, sindano ikianza kupanda unabaki kitanzi, ndoano ya chini inakidaka kinazungushwa kwenye uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, mshono umetoka. AI ilikuwa imechora sindano ya kushonea kwa mkono ikaichomeka kwenye mashine, na ule uzi mwekundu ukiufuata kwa kidole unakuta unapita mbele ya sindano hauingii popote. Na video yenyewe ilikuwa ya sindano! Iliniuma sana, kwa sababu wanaonifuata ni mafundi na washonaji, wananiamini kwa kitu kimoja tu, kwamba mashine naijua, na kava ndo salamu ya kwanza wanayoipata kutoka kwangu.

Kuanzia siku hiyo nikaweka sharti: mashine na mkono wangu ni picha halisi niliyopiga mwenyewe, AI itafanya kazi za kuzunguka picha hiyo. Sharti hilo limenisaidia kuchagua zana kuliko orodha zote za "zana kumi bora" nilizowahi kusoma, maana sasa swali halikuwa tena ipi inachora vizuri, lilikuwa ipi inaigusa picha yangu bila kuiharibu.

Nikachukua picha moja ngumu makusudi, sindano imetungwa uzi mweupe, nyuma kuna ukuta mweupe, nikawa naipitisha hiyohiyo kwenye kila zana ya kukata mandhari ya nyuma. Hii nakushauri sana ufanye na wewe, chukua picha yako ngumu kuliko zote, sio ile nzuri, kwa sababu kwenye picha rahisi zote zinafaulu. Kazi hii ya kukata nyuma iko kwenye programu nyingi, Canva inayo, Photoshop inayo, remove.bg yenyewe imejengwa kwa kazi hiyo tu. Uzi wangu ndo ulikuwa mtihani, kuna zilizoufuta kabisa sindano ikabaki kavu, kuna zilizouacha nusu ukawa kama umekatika hewani, ambayo kwa fundi anayeangalia ni ugonjwa mwingine kabisa wa mashine. Nilibaki na ile inayoniruhusu kurudisha kwa brashi sehemu iliyofutwa. Na dawa yenyewe mwisho wa siku haikuwa zana, ilikuwa kutundika kitambaa cha bluu nyuma ya mashine kabla sijapiga picha, tangu hapo zote zinakata vizuri.

Kitu cha pili nilichoangalia ni sura yangu. Kuna zana moja nililipia, inajitangaza kwamba inaboresha picha kwa kubonyeza mara moja, nikaipa picha niko nimeshika bisibisi. Iliporudi ngozi yangu ilikuwa nyeupe zaidi, pua imechongwa, makovu ya mkononi yamefutika. Sikuomba lolote kati ya hayo, nilitaka mwanga tu. Nilikasirika na bado nikikumbuka nakasirika, mtu akija kwenye video akute mtu mwingine anaongea, hiyo ni nini kama sio kumdanganya. Nikaiondoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukijaribu zana yoyote weka picha ya zamani na mpya kando kwa kando, angalia macho, pua, vidole, rangi ya ngozi, usitazame ile mpya peke yake maana peke yake itakuvutia tu.

Maandishi ndo hayakunichukua muda. Zana za kuchora zimeendelea sana kwenye herufi, ila Kiswahili bado zinakikosea, niliomba MISHONO nikapata MISHNOO, nikarudia nikapata MISHIONO. Maneno naandika mwenyewe kwa fonti nene, matatu au manne basi, na siyarudii yaliyoko kwenye kichwa cha video kwa sababu vyote viwili anavisoma pamoja.

Picha naitengeneza kwa piseli 1280 kwa 720, ndo kipimo ambacho YouTube wenyewe wamekuwa wakipendekeza kwa muda mrefu, halafu kabla sijaipandisha naishusha kwenye simu mpaka iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye orodha ya video. Lile neno la Kiingereza lenyewe, thumbnail, maana yake ni ukucha wa kidole gumba, na kweli watu wanaiona kwa udogo wa namna hiyo. Mdogo wangu ndo alinishikia simu siku moja akaniuliza, "Kaka, hii sindano unayoisema iko wapi?" Ilikuwa kona ya chini kulia, na pale ndo YouTube inaweka muda wa video, kile kiboksi cheusi kilikuwa kimekaa juu ya ncha ya sindano kwa ukamilifu. Hakuna zana hata moja iliyonitahadharisha. Sasa hivi kona hiyo naiacha wazi kila wakati.

Tuje kwenye kupima, na hapa ndo nilipopoteza muda mwingi zaidi. Kuna zana unaweka kava inakupa maksi juu ya mia na ramani ya rangi kuonyesha jicho litaenda wapi. Nilizifuata kwa wiki kadhaa kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, nakuza uso, naongeza rangi ya njano, maksi zinapanda. Halafu siku moja nikaipa lile kava la sindano yenye tundu juu. Likapata maksi nyingi kuliko kava zangu zote. Nikaelewa kwamba inapima kama picha inafanana na picha zilizowahi kubonyezwa sehemu nyingine, haijui mtazamaji wangu ni nani wala anakuja kutafuta nini. Ramani ya rangi bado naitumia mara mojamoja, kuona kama kuna kitu cha pembeni kinaiba macho, maksi siziangalii tena.

Njia nyingine ni zile huduma zinazobadilisha kava kwa zamu, leo hili kesho lile, halafu zinalinganisha. Wazo sio baya ila Jumatatu na Jumamosi hawaji watu walewale, na video mpya siku yake ya kwanza sio sawa na siku yake ya tano, kwa hiyo kava linaweza kushinda kwa sababu ya siku. Pia angalia ruhusa inazoomba. Moja ilitaka kuisimamia chaneli yangu yote wakati mimi nilihitaji kubadilisha picha tu, nikakataa.

Niliyotulia nayo ni ile ya YouTube yenyewe, iko ndani ya Studio, ule ukurasa wao wa kusimamia chaneli, ukiingia kwa kompyuta, lazima kwanza chaneli iwe imefunguliwa vipengele vya juu (advanced features). Unaweka kava hadi tatu kwa video moja, inawagawia watazamaji kwa wakati mmoja, wengine wanaona la kwanza wengine la pili, kwa hiyo yale mambo ya Jumatatu na Jumamosi hayapo. Inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Na mshindi hapatikani kwa kubonyezwa, anapatikana kwa muda watu waliotazama, na hili ndo limenibadilisha kabisa. Kwenye video ya mashine inayoruka mishono niliweka uso wangu nimeshangaa, sindano halisi imekuzwa, na kitambaa chenye mshono ulioruka kimelazwa juu ya meza. Nilikuwa na hakika uso utashinda. Kitambaa ndo kilishinda. Anayetafuta video ile ana kitambaa kama kile mkononi mwake muda huohuo, akikiona kwenye kava anajua amefika, na anakaa.

Ila kama chaneli yako ni ndogo usitegemee jibu kila mara. Kava moja likionyeshwa mara 1,000 likabonyezwa 40, lingine nalo mara 1,000 likabonyezwa 46, usiseme la pili ni bora, tofauti hiyo inaweza kuja kwa bahati tu, kesho zikageuka. Majaribio yangu mengi ya mwanzo yaliisha bila mshindi kwa sababu nilikuwa napima vitu vinavyofanana, kava lilelile rangi ya maandishi tofauti. Siku hizi nikipima naweka mawazo matatu yasiyofanana kabisa, na naanzia kwenye video za zamani ambazo bado zinatafutwa, hapo hata nikikosea sijaharibu siku za kwanza za video mpya.

Kuna jambo moja zaidi linanikera, zile zana zinazokuambia weka kava la mtu mwingine tukutengenezee la kufanana nalo. Mwaka 2025 MrBeast, yule Mmarekani mwenye chaneli kubwa sana ya YouTube, alitoa zana yake ya AI ya kutengeneza kava, watengenezaji wa video wenzake wakalalamika sana, akaiondoa ndani ya siku chache akasema ataelekeza watu kwa wasanii wa kuajiriwa. Mimi niko upande wa waliolalamika. Yule fundi aliyenirekebisha kuhusu tundu naye ana video zake, kava zake anapiga mwenyewe kwa simu, na siwezi kuzipitisha kwenye zana ya AI nikaziita zangu.

Kwa sasa nimebaki na vitu vitatu: zana moja ya kukata nyuma, programu moja ya kuweka maandishi, na jaribio la Studio. Jana nimepandisha kava tatu za video ya uzi unaokatika, moja ina kitambaa, moja ina bobini imefunguliwa, moja ina mkono wangu unakaza skrubu ya uzi. Mwisho wa mwezi nitarudi hapa na matokeo.